Sarafu za Uingereza ulizorithi: usizing'arishe

Ndugu, pole kwa kuondokewa na babu. Umeuliza kopo lake la sarafu za Uingereza lina thamani gani, na kama uzing'arishe kabla ya kuuza. Tafadhali usizing'arishe kabisa! Ndimu, dawa ya meno na brashi huharibu uso wa sarafu. Mnunuzi mzoefu huona papo hapo na kushusha bei. Zishike ukingoni.

Anza na mwaka. Shilingi, florini (shilingi mbili) na nusu krauni (shilingi mbili na nusu) za kabla ya 1920 zina fedha, yaani madini ya silva, asilimia 92.5, za 1920 hadi 1946 ni asilimia 50, tangu 1947 ni shaba na nikeli tu. Nusu krauni isiyochakaa ina gramu 14.1, hivyo ya 1910 ina takriban gramu 13 za fedha safi. Zidisha kwa bei ya fedha ya siku hiyo, upate kima cha chini.

Soverini, sarafu ya dhahabu ya pauni moja, ina gramu 7.98 na upana wa milimita 22. Ukiipata, isiuzwe kabla sonara hajaipima mbele yako, maana za bandia ni nyingi.

Peni nyingi zina bei ndogo, ila za 1918 na 1919 zenye herufi H au KN (alama za viwanda vilivyozitengeneza) kushoto kwa mwaka hutafutwa zikiwa hazijachakaa. Zenye simba na maandishi "East Africa" zitenge: ni za huku kwetu, zina soko lake.

Mtandaoni linganisha bei zilizouzwa, siyo zinazotajwa. Sarafu nadra zipeleke kwa mwanachama wa BNTA, chama cha wafanyabiashara wa sarafu Uingereza. Tuma kwanza picha za pande zote mbili.