Usisubiri Juni: namna ninavyotunza miguu ya porini nikiwa na miaka 58

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema una miaka 47, kazi yako ni ya kiti hapa Dodoma mjini, na mwaka jana ulikwenda kuwinda kwa leseni ya wenyeji. Siku ya kwanza ukatembea vizuri. Siku ya pili, saa nne asubuhi, miguu ikagoma, ukarudi kukaa garini huku wenzako wakifuata nyayo za nyati. Unauliza ufanye mazoezi gani mwezi mmoja kabla ya msimu ili yasikukute tena. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu huo "mwezi mmoja kabla" ndio ulioniumiza mimi.

Mimi ni traka, yaani mfuata nyayo za wanyama. Nilianza 1995 nikiwa na miaka 27, nimefanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji vya Rungwa, Kizigo na Muhesi, na Julai ikifika bado naitwa. Kazi yenyewe unaijua: unatembea mbele, macho chini, kilomita 15 siku nyepesi, 25 siku ambayo kundi limeamua kuhama. Mkononi una kifuko cha majivu cha kupimia upepo. Nyama ikipatikana, inabebwa mpaka gari linapoweza kufika, na mara nyingi haliwezi kufika karibu.

Nikiwa na miaka 30 sikujua mazoezi ni nini. Msimu ukiisha Desemba narudi nyumbani, nalima, nakula, nalala, Julai naingia porini na siku tatu tu mwili umezoea. Nikadhani ndivyo nilivyoumbwa. Kumbe ni ujana pamoja na jembe. Kuanzia miaka ya thelathini mtu huanza kupoteza msuli kidogo kidogo, na akishafika sitini upotevu unaongezeka kasi. Ukikaa miezi sita bila kuutumia, unaupoteza haraka zaidi, na kuurudisha ukiwa na hamsini kunachukua muda mrefu kuliko ulipokuwa kijana. Tena kano, zile kamba zinazoshika msuli kwenye mfupa, hujengeka taratibu kuliko msuli. Ndiyo maana mtu anayeanza kwa pupa mwezi Juni anajisikia ana nguvu wiki ya tatu, halafu wiki ya nne anapata maumivu ya kisigino au chini ya goti na msimu umemwisha kabla haujaanza.

Yaliyonikuta ni haya. 2018, nina miaka 50, nilikuwa nimenunua pikipiki mwaka uliotangulia. Shamba nikakodisha trekta na vibarua. Dukani kwa pikipiki, shambani kwa pikipiki, hata kwa jirani wa nyumba ya tano. Juni nikakimbia asubuhi wiki tatu, nikajiona niko sawa. Julai na Agosti nikavumilia. Oktoba, jua la kukaushia mhogo, tukapata pofu dume mkubwa upande wa Kizigo. Kati yetu na gari kulikuwa na korongo refu lenye kingo za kichanga. Nilijitwika pande la mbavu, kama kilo 30, mzigo ambao nimeubeba mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kupanda hapakuwa na shida. Niliumia wakati wa kushuka: hatua ya tatu mguu wa kulia ukaanza kutetemeka pale juu ya goti, hatua ya tano ukakataa kabisa kunishika, nikaenda chini na mzigo ukanilalia. Goti lilivimba mpaka suruali ikabidi ikatwe kwa kisu.

Msimu ulikuwa umebaki na zaidi ya siku 60. Kazi yetu inalipwa kwa siku, kwa hiyo unaelewa nyumbani kulikuwaje. Daktari aliyenitibu alinikalisha kitandani, akaniambia nikaze paja, akalibonyeza kwa kidole gumba pale juu kidogo ya goti. Akanishika mkono na kunibonyezesha mwenyewe. Kulikuwa laini kama unga uliokandwa. Akasema, "Mzee wangu, goti lako halina kosa. Limeachwa libebe peke yake." Sentensi ile ndiyo iliyonibadilisha.

Sasa shika hili kuliko yote nitakayosema: kinachomshinda mtu mzima porini mara nyingi si pumzi, ni kushuka. Ukipanda, msuli wa paja unajikunja na kusukuma. Ukishuka, msuli uleule unavutwa urefu huku unazuia mwili usidondoke, kama breki ya baiskeli kwenye mteremko. Kazi hiyo ya kuzuia ndiyo inayochana nyuzi za msuli, ndiyo maana maumivu makali huja kesho yake na keshokutwa. Mkuu, wewe hukuchoka siku ya pili. Ulivunjika siku ya kwanza bila kujua, ukapokea bili siku ya pili. Habari njema ni kwamba msuli uliozoeshwa kushuka hata mara chache haumii tena kiasi kile.

Mimi ninafanya hivi. Nyuma ya kwetu kuna kilima cha mawe, cha kupanda kwa dakika 20 hivi. Napanda na begi la mgongoni lenye madumu mawili ya lita tano, yaani kilo 10. Wiki za mwanzo, nikifika juu namwaga maji yote kwenye shina la mkwaju, nashuka mtupu. Kwa njia hiyo mapafu na makalio yanapata mzigo, magoti yanapumzishwa. Baada ya wiki sita naanza kushuka na dumu moja. Wiki ya kumi nashuka na yote mawili. Sijawahi kuongeza mzigo kwa pupa, hata nikijisikia simba. Wewe wa mjini una njia za Mlima Imagi, una miteremko ya barabara za Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na kama ofisi yako iko ghorofani una ngazi. Shuka kwa ngazi kila siku, polepole, bila kushika ukingo.

Mara mbili kwa wiki nafanya mazoezi ya nguvu hapa uani, nusu saa. Nasimama juu ya tofali mbili zilizopangwa, nashusha mguu mmoja mpaka kisigino kiguse ardhi huku nikihesabu moja mpaka nne, narudi juu. Mara nane kila mguu, napumzika, narudia mara tatu. Ukianguka "pu!" badala ya kushuka taratibu, hujafanya kitu. Kisha visigino: vidole kwenye ukingo wa ngazi, napanda juu kwa miguu miwili, nashuka kwa mmoja, visigino vikipita chini ya ukingo mpaka nisikie kigimbi kinavutika. Halafu kuchuchumaa na kusimama nimekumbatia kiroba cha mchanga cha kilo 25, pushapu, na kutembea na ndoo mbili za maji toka bombani mpaka mwisho wa uzio bila kupinda mgongo. Asubuhi nikipiga mswaki nasimama kwa mguu mmoja, nusu muda kulia, nusu kushoto. Jambo hili la kusimama bila kuyumba watu hulidharau. Porini unakanyaga jiwe linalogeuka, kisiki kilichooza, shimo la muhanga lililofichwa na nyasi, na mtu mzima akianguka vibaya anakaa nje mwaka mzima.

Pumzi nayo ina yake. Usikimbie kila siku kwa kasi ya kukutoa ulimi, utaumia tu. Siku nyingi tembea haraka kwa mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Nusu saa hadi saa moja, mara tatu au nne kwa wiki. Siku moja tu ndiyo ya kupandisha mlima kwa nguvu mpaka maneno yakukatike, ushuke taratibu, urudie mara tano au sita. Na Jumamosi iwe ya safari ndefu: anza na saa moja na nusu, ongeza robo saa kila wiki mpaka ufike saa nne au tano, ukiwa na begi na buti zilezile utakazokwenda nazo. Wenzangu wengi tunatembea na katambuga, ndala za matairi, miguu yetu imezoea tangu utoto, wewe usituige. Kata kucha mapema, soksi ziwe mbili kavu begini.

Pumzi haiishii kwenye kutembea. Mwisho wa nyayo kuna risasi. Mita mia mbili za mwisho umezipita umeinama, moyo unagonga, unasimamishiwa fimbo za kulengea na mtutu unapanda na kushuka. Nimeona nyati akijeruhiwa kwa sababu hiyo tu, na ukishamjeruhi lazima afuatwe mpaka apatikane, kwenye kichaka kinene, na anayetangulia ni traka. Hili naliongea kwa uchungu kwa sababu ni maisha yetu. Basi, ukifika juu ya mlima na moyo uko mbio, shika gongo la uzito wa kilo nne kama bunduki, lenga alama kwenye mti, toa pumzi nusu, tulia hapo kwa sekunde tano. Fanya kila ukipanda.

Mwaka wangu unakwenda na mvua. Desemba zikianza kunyesha narudi shambani kwa jembe la mkono, uwele na karanga, na trekta sikodi tena hata kama nina hela. Kulima kwa mkono ni mgongo, ni nyonga, ni kushika. Ila kulima hakukupi kushuka, kwa hiyo kilima siachi, hata matope yakiwa mabaya nafanya tofali uani. Kuanzia Aprili naongeza mzigo kilimani. Juni katikati, wiki mbili kabla ya kuondoka, napunguza nusu. Vijana hapo ndipo wanapoongeza. Ukiwa na umri wetu mwili unajijenga ukiwa umepumzika, na ukienda umechoka utarudi umeumia. Msimu wenyewe nao unakula msuli, kwa sababu unatembea sana na kula kidogo, kwa hiyo hata kambini nafanya kuchuchumaa kidogo jioni.

Chakula sitakaa sana. Mtu wa umri wetu anahitaji protini kuliko kijana ili msuli ujengeke, na hapa Ugogo tunayo: maziwa ya mgando, kunde, choroko, karanga, mayai, kuku. Ugali wa uwele na mlenda una nafasi yake, lakini mlenda peke yake hautoshi. Chipsi kavu na soda ya mchana ofisini iache. Usingizi wa saa saba au nane ni sehemu ya mazoezi.

Joto lizoee. Mwili unahitaji kama wiki mbili kulizoea, na ofisi yako bila shaka ina kiyoyozi. Kama unakwenda Oktoba, wiki mbili za mwisho tembea saa tisa alasiri badala ya alfajiri, ukianza na dakika 20 na maji mkononi. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa kunywa. Pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, ziwe mfukoni. Maji matupu mengi bila chumvi siku nzima ya jasho nayo yanaweza kukuangusha.

Na kabla ya hayo yote, kapime presha, sukari, na umweleze daktari unachotaka kufanya. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, itibiwe kwanza. Ukipata kubanwa kifua, kizunguzungu, au pumzi kukata bila sababu wakati wa kupanda, simama hapohapo na uende hospitali, usijikaze kiume.

Uliuliza kama umri umekutupa. Mwaka juzi tulikuwa na mgeni wa miaka 71 kutoka Marekani. Siku ya sita tulifuata madume matatu ya nyati tangu alfajiri hadi saa nane mchana, kijana wake wa miaka 38 akabaki chini ya mbuyu na chupa ya maji. Mzee akafika. Jioni nikamwomba mkalimani amuulize anafanya nini kwao. Akanijibu kwamba kila wiki ya mwaka, baridi au joto, anapanda mlima wa nyuma ya nyumba yake na mzigo mgongoni, na hajawahi kuacha zaidi ya siku kumi tangu alipostaafu. Nikamshika paja kama yule daktari alivyonishika mimi. Lilikuwa gumu kama mpini.

Sasa ni Februari, una karibu miezi mitano mpaka Julai. Wiki hii fanya tofali mara mbili, tembea nusu saa mara tatu, na Jumamosi panda na dumu moja tu, maji uyamwage juu. Mimi Jumamosi hii nitakuwa mjini kwa mwanangu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa chini ya Imagi. Ukija, beba dumu lako, tutashuka pamoja nione unavyokanyaga.