Seva ya RAID 1 imegoma kuwaka baada ya apt upgrade: usiguse --create kwanza

Mkuu, pole. Umesema ulifanya apt upgrade (amri ya kusasisha programu) kwenye Debian, aina ya Linux, ukawasha mashine upya, na sasa inaishia kwenye skrini nyeusi yenye "ALERT! /dev/md0 does not exist", chini yake neno initramfs (mfumo mdogo wa muda unaotangulia kuwaka na kutafuta diski kuu) ndani ya mabano. Na kuna jamaa kakushauri uunde RAID 1 yako (diski mbili zenye nakala ileile) upya kwa mdadm --create, mdadm ikiwa ni programu inayosimamia RAID, eti diski zimekufa. Mshukuru, ila usimsikilize. Ni nadra sana diski mbili kufa pamoja dakika ileile uliyomaliza kusasisha. Hiyo --create inaandika taarifa mpya za RAID juu ya zile za zamani, na ikitokea data imepangiwa kuanza mahali tofauti na pale mwanzo, utakuwa umeharibu kitu kilichokuwa kizima.

Mimi lilinikuta Mwanza, kwenye seva ya duka la vifaa vya ujenzi, diski mbili, RAID 1. Nilisasisha Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi naitwa. Mwenye duka kasimama nyuma yangu, funguo mkononi, haongei. Afadhali angegomba. Nikapoteza saa mbili nachomoa na kuchomeka nyaya za SATA, kwa sababu kichwani nilishaamua ni diski.

Kilichonizindua ni amri moja, na hata wewe unaweza kuiandika hapo hapo ulipokwama:

cat /proc/mdstat

Nikaona md127, active, raid1, sda2 na sdb2, na mwisho [UU]. U mbili maana yake diski zote ziko kazini. RAID ilikuwa hai kabisa, ila inaitwa md127 wakati GRUB (programu inayoanzisha kuwaka kwa mashine) inaagiza itafutwe md0. Ukiona 127, kwa kawaida mdadm imekuta RAID isiyoitambua kwa jina, ikaipa namba ya mwisho.

Jina lilibadilikaje? Kosa langu mwenyewe. Miezi minane nyuma nilibadilisha diski moja mbovu nikiwa nimewasha mashine kwa flashi. Kwenye flashi RAID ilijiita md127, nami nikaandika jina hilo kwa mkono kwenye /etc/mdadm/mdadm.conf, faili la mipangilio ya mdadm. Sasa, initramfs hubeba nakala yake yenyewe ya faili hilo, na mimi sikuijenga upya. Kwa hiyo seva iliendelea kuwaka miezi minane kwa nakala ya zamani iliyo sahihi. Siku kerneli (kiini cha Linux) mpya ilipoingia, ikajengewa initramfs mpya, na kosa langu likapakiwa humo. Apt haikuwa na hatia yoyote.

Ndiyo maana nakwambia jaribu hili kabla ya yote: washa mashine, kwenye menyu ya GRUB ingia Advanced options, chagua kerneli ya zamani. Initramfs yake mara nyingi haijaguswa. Yangu iliwaka palepale. Saa mbili za nyaya, bure! Na usifanye apt autoremove mpaka umalize, usije ukafuta mlango pekee uliobaki wazi.

Ya zamani nayo ikigoma, na mdstat inaonyesha md127, andika haya (weka majina ya diski zako):

mdadm --stop /dev/md127
mdadm --assemble /dev/md0 /dev/sda2 /dev/sdb2
exit

Itaendelea kuwaka. Lakini hapo hujatibu, umetuliza maumivu tu. Ukishaingia, linganisha majibu ya mdadm --detail --scan na mstari wa ARRAY kwenye mdadm.conf, rekebisha jina na UUID (namba ndefu ya utambulisho), kisha ujenge upya initramfs zote:

update-initramfs -u -k all

Angalia hapa, wengi wanajichanganya: UUID ya RAID ina nukta mbili katikati, ile ya mfumo wa faili inayotolewa na amri ya blkid ina vistari. Ya kwanza ni ya mdadm.conf, ya pili ni ya fstab (faili la orodha ya diski za kufunguliwa) na GRUB. Mimi nilikuwa nimeweka root=/dev/md0 kwa mkono kwenye GRUB; nikaitoa, nikaacha UUID, nikamalizia na update-grub.

Kabla ya kuwasha upya, chungulia kilichomo kweli (kama umewaka kwa kerneli ya zamani, weka namba ya ile mpya badala ya $(uname -r)):

unmkinitramfs /boot/initrd.img-$(uname -r) /tmp/chungulia
find /tmp/chungulia -name mdadm.conf

Lisome hilo faili kwa macho yako. Pia pima nafasi iliyobaki kwa df -h /boot. Ikijaa, initramfs mpya inaweza kushindwa kuandikwa, na hapo unaweza kupata "kernel panic" (kerneli kugoma kabisa), si hii ALERT.

Ukikuta [U_] badala ya [UU], diski moja imetoka. Tazama Events (hesabu ya mabadiliko) kwenye mdadm --examine ya kila diski. Yenye namba ndogo ndiyo iliyobaki nyuma. Hiyo ndiyo utakayoirudisha kwa --add, usije ukaigeuza kuwa ndiyo chanzo cha kunakili.

Na kama mdstat haina kitu kabisa, bandika hapa majibu ya mdadm --examine ya diski zote mbili na uiache mashine kama ilivyo. Nipo mpaka usiku.