Mnaouliza kwa nini tunajibana huku Houston

Mpwa wangu ameuliza swali kwenye kikundi cha familia, na ndugu wengine wamelidaka. Ameuliza hivi: "Mjomba, una kazi ya ofisini Marekani, una nyumba yako, anti naye anafanya kazi. Mbona bado mnaendesha gari la mwaka 2011, mnapika Jumapili chakula cha wiki nzima, na tukikuomba mchango unasema subiri mshahara? Ni ubahili, au kuna kitu mnatuficha?"

Hatufichi kitu. Ni swali la haki na nitalijibu kwa urefu, kwa sababu wengi wenu mnajiuliza hivyo hivyo ila mnaona haya kusema.

Nianze na mshahara, maana huko ndiko mnakoanzia ninyi. Chukua mtu anayelipwa dola 72,000 kwa mwaka. Aliyeko Dar akisikia hivyo anazidisha kwa 2,500, anapata shilingi milioni 180, na papo hapo anamwona huyo mtu tajiri. Hesabu haina kosa. Tatizo ni kwamba mnazidisha mshahara na kuishia hapo, wakati bei za huku nazo ni za dola. Kwa vipimo vya Marekani mtu huyo ni wa kawaida kabisa. Mwaka 2023 kaya ya katikati nchini hapa, ile ambayo nusu ya kaya ziko juu yake na nusu chini yake, ilikuwa na kipato cha dola 80,610. Taasisi ya Pew, inayofuatilia mambo haya, huhesabu tabaka la kati kuanzia theluthi mbili ya kipato hicho cha katikati hadi mara mbili yake. Kwa hesabu ya haraka ni kama dola 54,000 mpaka 161,000. Ni kundi pana sana, na bado linasinyaa: mwaka 1971 asilimia 61 ya watu wazima walikuwa humo, mwaka 2023 wamebaki asilimia 51. Waliotoka, wengine walipanda na wengine walishuka. Mimi na mke wangu tumo humo katikati, na kazi yetu kubwa ni kutoteremka.

Sasa tufungue hati ya mshahara. Hapa wengi tunalipwa kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo mwaka una malipo 26. Zile dola 72,000 zinakuja kama 2,769 kila mara, lakini hizo unazisoma tu, hazifiki. Kwanza yanatoka makato ya Social Security na Medicare, yaani pensheni ya serikali na bima ya afya ya wazee, asilimia 7.65, karibu dola 200. Kodi ya mapato ya serikali kuu, kama 200 nyingine. Texas, jimbo lilipo jiji letu la Houston, haina kodi ya mapato ya jimbo, nashukuru, ingawa nitawaonyesha inakorudia. Bima ya afya ya familia: mwaka 2024 mfanyakazi wa Marekani kwa wastani alikatwa dola 6,296 kwa mwaka kwa bima ya familia anayopata kazini, yaani 242 kila malipo, na mwajiri anaongeza nyingi zaidi ya hizo. Halafu akiba ya uzeeni, ile 401(k). Ukiweka asilimia 6 ni dola 166. Zinazoingia benki ni kama 1,960. Mara mbili kwa mwezi, 3,920.

Nyumba. Mnasema "una nyumba yako", na picha mnayoiona kwenye simu ni ya kweli, ina ukumbi, ina uani. Lakini huku nyumba haijengwi tofali kwa tofali kadiri hela zinavyopatikana, mpaka siku unahamia na hakuna anayekudai. Huku unaingia siku ya kwanza na deni la miaka 30. Mkopo wa dola 260,000 kwa riba ya asilimia 6.5 unalipwa 1,643 kwa mwezi. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, dola 1,408 ni riba, na 235 tu ndizo zinazopunguza deni. Someni tena hapo, kwa sababu ndipo panapowachanganya watu: unalipa zaidi ya dola 1,600, na nyumba imekuwa yako kwa dola 235. Juu yake kuna kodi ya ardhi na jengo, ambayo Texas ni kubwa (hapo ndipo inaporudi ile kodi uliyosamehewa kwenye mshahara), na bima ya nyumba ambayo pwani hii ya vimbunga inapanda kila mwaka. Ukijumlisha vyote unafika kwenye 2,400. Katika zile 3,920 umebakiwa na 1,500 na kidogo, na bado hujala, hujawasha kiyoyozi, hujaweka mafuta wala bima ya gari.

Ndiyo maana mshahara wa mtu mmoja hautoshi, na mke wangu anafanya kazi usiku. Hili nalo liko ndani ya jibu langu. Kituo cha kulelea mtoto mdogo kinaweza kukuchukua zaidi ya dola 1,000 kwa mwezi kwa mtoto mmoja, hivyo tuliamua kugawana saa: mimi mchana, yeye usiku. Kuna asubuhi tunapishana mlangoni, yeye anavua viatu mimi navaa, tunaambiana kama mtoto amekunywa dawa na kama kuna barua ya shule ya kutia saini. Dola zile hazijatoka mfukoni, lakini zimetoka mahali. Mkituona tumechoka kwenye simu ya video, si kwamba hatufurahi kuwaona.

Gari la 2011 tulishamaliza kulilipia. Houston ni jiji la barabara pana na umbali mrefu, na mabasi hayafiki kila mahali, hivyo bila gari hakuna kazi. Gari jipya kwa mkopo, wastani wa nchi hii ni zaidi ya dola 700 kwa mwezi, na wengi wanalipa miaka sita hadi saba. Vijana mnaowaona wamepiga picha kando ya gari linalong'aa, siwalaumu, wamefanya kazi ngumu na wana haki ya kufurahi. Ila gari lile ni la benki, na vijana hao wakikosa malipo linafuatwa usiku, asubuhi hawalikuti. Langu linapiga kelele kidogo likiwaka, na ni langu.

Chakula cha Jumapili ndicho mnachokitania sana. Tunanunua mchele wa gunia, kuku kwa wingi, maharage, na tunaangalia wiki hiyo kitu gani kimeshushwa bei. Duka la Aldi unachomeka sarafu ya senti 25 ili kitoroli kifunguke, ukikirudisha mwenyewe sarafu yako inatoka. Kwa namna hiyo hawaajiri mtu wa kukusanya vitoroli na bei inakuwa chini. Nalipenda duka lile kwa sababu linatumia akili ile ile tunayotumia nyumbani kwetu. Jioni ya Jumapili tunapanga vyombo vya plastiki mezani, vya kwangu, vya mke wangu, vya watoto, tunaandika siku juu ya mfuniko. Chakula cha mchana karibu na ofisi yetu ni dola 15 na zaidi. Fanya hesabu ya siku 20 za kazi kwa mwezi, utaona ada ya mtoto mmoja huko nyumbani imekaa humo.

Nguo tunanunua Goodwill, ni mtumba, mnaujua vizuri. Vitabu maktaba ya jiji, bure.

Kinachonifanya nijibane hasa ni hofu, na nataka mwelewe ni hofu ya nini. Mtu wa chini kabisa huku ana misaada: kadi ya chakula, na kwa watoto bima ya afya ya serikali. Mtu wa juu ana mali. Sisi wa katikati kipato chetu kinatutoa kwenye misaada, na hatuna mali ya kutubeba. Tunaishi kwa mshahara, na Texas mwajiri anaweza kukuachisha siku yoyote bila hata kukueleza sababu. Mwenzangu wa meza ya jirani aliitwa kwenye kikao cha asubuhi, kufika mchana kompyuta yake haifunguki. Alikuwa mfanyakazi mzuri, kampuni ilipunguza watu tu. Jimbo hulipa posho ya kukosa kazi hadi wiki 26, lakini haikaribii mshahara, na bima ya afya uliyokuwa nayo kazini unaweza kuendelea nayo kwa kuilipia mwenyewe, ikiwa ni pamoja na lile fungu alilokuwa analipa mwajiri. Huna kazi, na bima imekuwa ghali mara kadhaa.

Kisha vimbunga. Beryl ilipita hapa Julai 2024, zaidi ya wateja milioni mbili wakakosa umeme, wengine zaidi ya wiki, katika joto ambalo hata mtu wa Dar angelilalamikia. Bima ya nyumba ipo, mtasema. Ipo, lakini kwa upepo wa kimbunga wengi tunatakiwa tubebe sisi asilimia 1 au 2 ya thamani iliyokatiwa bima kabla kampuni haijatoa hata senti. Nyumba ya dola 300,000 kwa asilimia 2 ni 6,000. Paa likiharibika kwa dola 5,500, hilo ni lako peke yako. Na maji ya mafuriko hayamo kabisa kwenye bima hiyo, yanataka bima nyingine. Walioingiliwa na maji ya kimbunga Harvey mwaka 2017, wengi wao hawakuwa nayo.

Hata ugonjwa mdogo una mtindo wake. Mtoto wetu alivunjika mkono akicheza. Tulihudumiwa vizuri, sina la kulalamika kuhusu madaktari. Bili ndizo zilizokuja moja moja: ya hospitali kwanza, baada ya wiki kadhaa ya daktari, kisha ya yule aliyesoma picha ya eksirei ambaye hatukumwona kwa macho. Kila bahasha tuliidhania ya mwisho. Bima nyingi za familia zinakutaka ulipe mwenyewe maelfu ya mwanzo kila mwaka kabla hazijaanza kulipa sawasawa, na hiyo ni juu ya zile 242 za bima zinazokatwa kwenye kila malipo.

Kwa hiyo tunaweka. Lengo letu ni kuwa na matumizi ya miezi mitatu pembeni, pesa ya kutoguswa. Benki Kuu ya hapa huwauliza watu kila mwaka kama wangeweza kulipa dharura ya dola 400 kwa pesa waliyo nayo, na mwaka 2024 asilimia 37 ya watu wazima hawakuweza kuilipa yote hivyo. Wengi wao wana kazi, wana magari mazuri, wana viatu vizuri. Mtaani hutawatambua.

Hapo ndipo "subiri mshahara" yangu inapotoka. Mnajua nina akiba ya uzeeni na mnajua nina nyumba, mnaona ninawanyima. Pesa ipo lakini haishikiki. Nikiitoa ile ya 401(k) kabla ya umri wa miaka 59 na nusu, kwa kawaida nalipa kodi pamoja na faini ya asilimia 10. Nikigusa ile ya dharura, kimbunga kitanikuta mtupu. Inayobaki ni ya mwezi huu, na ya mwezi huu tayari ina majina: umeme, mafuta, shule, na nyumbani. Ndiyo, nyumbani ni fungu lenye jina kama umeme. Dawa za mama na ada za wadogo haziko kwenye mabaki, zinatoka siku ya mshahara kabla hatujanunua mchele. Natuma kutoka akaunti ya benki, maana tangu Januari 2026 anayelipia kwa fedha taslimu anakatwa kodi ya asilimia 1 na serikali ya hapa, na hata hiyo nimeona bora ibaki kwenye dawa.

Bahili ni mtu aliye nacho akakaza mkono. Sisi tunakaza mkono hapa ili ufunguke huko, na ili siku mambo yakiharibika huku msilazimike ninyi kunichangia mimi. Ninachowaomba ni taarifa mapema. Harusi inajulikana miezi sita kabla. Nikiambiwa wiki moja kabla, nitatoa kidogo na tutakwazana bure. Msiba haupigi hodi, huo sihitaji taarifa, mnanijua.

Msinielewe vibaya nikaonekana ninalia. Maji yanatoka, umeme ukikatika ni habari, watoto wanasoma shule ya serikali bila ada na wanasoma vizuri. Nikipiga 911 gari la wagonjwa linakuja. Nimechagua maisha haya, na ningeyachagua tena. Ni maisha ya kuhesabu, basi.

Na wewe mpwa, najua nyuma ya swali lako kuna safari unayoipanga. Ukija kwa njia halali, chumba kipo na chakula cha Jumapili kitaongezwa sufuria. Mwaka wa kwanza usichukue gari kwa mkopo hata wenzako wakichukua, tutatafuta lililotumika tulipie taslimu. Kadi ya benki ya mkopo utahitaji moja ili ujijengee rekodi ya ulipaji madeni, kwa sababu bila rekodi hata kupanga nyumba ni shida, lakini uilipe yote kila mwezi. Riba zake zinapita asilimia 20. Vyeti vyako vya chuo anza kuvishughulikia sasa hivi ukiwa huko, muhuri na nakala rasmi, maana kuvifuatilia kutoka huku kunakula miezi. Nipigie Jumamosi usiku kwa saa zenu. Huku itakuwa mchana na nitakuwa nyumbani.