Neno la Kwanza Lisiwe Jibu

Nyinyi mliojiunga na baraza letu hapa Mkunguni, Lamu, tangu Maulidi, karibuni. Kahawa ni ya wote, kashata kila mtu na yake. Wiki kadhaa nimekuwa nikiwatazama mkicheza Wordle, ule mchezo wa kila siku wa kukisia neno la Kiingereza la herufi tano kwa nafasi sita, mkikasirika, mkiifungia simu mfukoni kama mtu aliyedhulumiwa. Basi niwape nilichojifunza kwa kushindwa mbele ya wazee wasiojua kucheka kwa sauti ndogo.

Jueni kwanza huyo mnayeshindana naye. Mchezo huu ulitengenezwa na Josh Wardle, mhandisi wa programu aliyekuwa akiishi Brooklyn, kwa ajili ya mwenzake, Palak Shah, mpenzi wa michezo ya maneno. Maneno ya Kiingereza ya herufi tano yalikuwa kama 12,000, na mengi hata wenyewe hawayajui. Palak ndiye aliyeyachuja, yakabaki kama 2,500 aliyoyatambua. Hapo pana faida kwenu: jibu ni neno ambalo mtu wa kawaida amewahi kulisikia. Ukijikuta umeanza kuchimba neno la kizamani kutoka kwenye kamusi ya babu, umeshapotea njia. Tena kwa kawaida jibu haliwi neno la wingi lililotiwa S tu mwishoni.

Sasa zile nafasi sita. Mgeni huzihesabu kama mishale sita ya kulenga shabaha. Hapa kwetu ukitegewa kitendawili huulizi kitu. Unajaribu, ukishindwa unatoa mji. Wordle ni muungwana zaidi, kwa sababu inakubali kuulizwa. Kila neno unaloandika ni swali, na rangi ndizo jibu: kijani herufi imo na iko pale pale, manjano imo lakini si pale, kijivu haimo. Swali la kwanza halina haja ya kupatia. Linatakiwa lifunue mengi.

Wengi wenu mnaanza na ADIEU kwa kuwa lina irabu nne. Mimi sikipendi kianzio hicho. Irabu za Kiingereza zimo karibu kila mahali, kwa hiyo kujua kwamba A imo hakukupunguzii maneno mengi. Konsonanti ndizo zinazokata. Mimi huandika SLATE, na mambo yakiwa magumu naongeza CRONY. Hesabuni: herufi kumi tofauti kwa maswali mawili, hakuna iliyorudiwa.

Lakini kosa letu sisi watu wa pwani halimo kwenye neno la kwanza. Limo masikioni. Kiswahili tunakiandika kama tunavyokisikia, na maneno yetu huishia kwa irabu, basi macho yetu hutafuta hivyo hivyo hata penye Kiingereza. Kule KNIFE inaanza kwa K isiyotamkwa, WRITE ina W ya bure, E ya mwisho mara nyingi imenyamaza, na CRYPT haina hata irabu moja kati ya zile tano zetu. Y mwishoni hufanya kazi ya irabu, na ni mahali pake pa kupenda. Nilipoanza nilipoteza siku nyingi kwa sababu nilikuwa nikilitamka neno kichwani kabla ya kuliandika. Sasa naandika nafasi tano kwenye karatasi, nazijaza kwa macho.

Kuna siku nilianza na CRANE. C na A zikaja manjano. Nikaandika MATCH: ATCH yote kijani! Nikamwita kijana wa kahawa aje aone. Nikaandika BATCH. Kisha PATCH. Kisha HATCH. Kisha LATCH. Jibu lilikuwa WATCH, na mfululizo wangu wa siku nyingi ukaenda na maji. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole: ukitafuta nyumba ya mtu, hubisha milango ya mtaa mzima, au humwuliza mtoto njiani?

Mtoto wa kumwuliza alikuwepo. Baada ya MATCH yalibaki matano: BATCH, PATCH, HATCH, LATCH, WATCH. Ningeandika PLUMB. Haliwezi kabisa kuwa jibu, na uzuri wake ndio huo. P ikija kijani, ni PATCH. L ikija manjano, ni LATCH. B manjano, ni BATCH. Zote tatu zikiwa kijivu, yamebaki HATCH na WATCH, nami nina nafasi tatu mkononi. Mkiona herufi nne za kijani mapema, msifurahi; simameni mhesabu majirani kwanza. (Ukiwasha ile hali ngumu hila hii inakufa, maana unalazimishwa kutumia kila kidokezo. Wageni wasiiwashe.)

Jambo dogo: ukiandika neno lenye E mbili na jibu lina E moja tu, moja hupata rangi na nyingine huwa kijivu. Hiyo kijivu haimaanishi E haimo.

Herufi za manjano zinataka kupinduliwapinduliwa. Waliokua wakisema kinyume utotoni, wakigeuza mbuzi kuwa zimbu ili wakubwa wasielewe, hapo wako mbele yetu.

Mtandao ukikatika tunacheza kwa karatasi, kwa Kiswahili. Mmoja anaficha neno la herufi tano, wengine wanauliza. Humo SLATE haina kazi. MKATE ni kianzio kizuri: A ndiyo irabu yetu kuu, na M na K zimejaa kila pembe. Mtego wetu mkubwa ni ukoo wa AMBA: kamba, pamba, tamba, lamba, gamba, wamba, bamba. Dawa yake ni vitenzi vya kutendwa, kwa kuwa hubeba konsonanti tatu. PIGWA hupima P, G na W kwa pigo moja. TEKWA hupima T, K na W.

Kubalianeni kamusi mapema. Mwezi uliopita mmoja wetu aliandika MTELE. Mgeni kutoka Nairobi akapinga kwamba ni mchele, tena una herufi sita. Sisi Waamu tunasema mtele tangu hapo, lakini mabishano yalikula adhana mbili.

Na adabu: fumbo hubadilika saa sita usiku kwa saa ya simu yako, na neno ni lile lile duniani kote. Sisi tunalipata saa saba au nane kabla ya jamaa zetu walioko New York. Watumieni vile vimraba vya rangi tu, bila neno lenyewe. Nina shemeji huko ambaye hajanisamehe.

Leo baada ya Isha zamu ya kuficha neno ni yangu. Lina herufi tano, limewahi kuelea mbele ya mji huu, na halina A.