Picha Haichukuliwi

Msomaji wa Dodoma anauliza: "Mwalimu, nimechukua picha ya M87 kwa darubini yangu ndogo. Niiite galaksi ya mviringo au galaksi duaradufu?"

Sema galaksi duaradufu. Ndilo jina la jamii nzima, hata kwa hii M87 ambayo kwa macho inakaribia kuwa duara kamili: tonge la nuru hafifu, lisilo na mikono. Na darubini yenyewe ni Kiajemi, *dur* mbali, *bin* kuona. Hilo limekwisha.

Sasa turudi pale ulipoteleza. "Nimechukua picha"! Umeichukua wapi, ndugu yangu, na mwenyewe anajua? Picha hupigwa, kama simu, pasi, deki na mswaki. Anayeipiga ni mpiga picha. Sijaona kibao kilichoandikwa "mchukua picha". Neno picha tuliliazima kwa Waingereza, tukaliozesha kitenzi chetu, ndoa ikatulia. Leo mnamleta na mke wa kwanza, yule "take" wa Kiingereza.

Kwenye arusi ya mpwa wangu, kijana mwenye kamera alimwendea bibi mmoja aliyepakata picha ya marehemu mumewe, imo kwenye fremu.

"Shikamoo bibi. Naomba nichukue picha yako."

Bibi akaikumbatia fremu. "Hii haitoki mikononi mwangu."

"Moja tu, bibi."

"Na ninayo hiyo hiyo moja!"

Ikabidi niinuke nitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili: anataka kukupiga picha. Papo hapo akatengeneza ushungi, akatabasamu.

Nakiri, wewe una kautetezi kadogo. Nuru ya M87 imesafiri miaka zaidi ya milioni 50, na kamera yako imeikinga kidogo kidogo, kama ndoo chini ya bomba siku ya mgao. Ukisema "nimekinga nuru" nitakupigia makofi. "Nimekusanya nuru", haya, nitavumilia. Picha, piga.

Tena ipige katikati ya Mei, saa tatu usiku na ushei, kundinyota la Mashuke, inamokaa M87, likiwa juu kabisa. Azima darubini yenye kioo cha sentimita 20 au zaidi, upige nyingi za muda mfupi kiini kisiungue, kisha uziunganishe kwa programu. Huenda ukaunasa ule mchirizi mwembamba unaochomoka katikati, aliouona mwanafalaki Mmarekani Heber Curtis mwaka 1918. Ukiupata, niletee picha. Hiyo nitaichukua mimi.