Kumtetea mtoto anayesemwa amebemendwa: kwa manesi wenzangu mnaopangiwa vijijini

Manesi wapya wakiletwa kwenye zahanati za huku Rufiji, huwa nawaambia hili kabla ya yote: watoto walio hatarini zaidi hamtawaona kwenye foleni ya kliniki. Wako ndani. Mama anakuja kuomba panadol ya kichwa chake, mtoto kamwacha kwa bibi, na ukimuuliza hali yake anakujibu, "Mzima, kalala." Wengi wao wamefichwa kwa aibu. Watu wakimwona watasema amebemendwa.

Kwa aliyekulia mbali na pwani, nieleze kidogo. Inaaminika kwamba baba au mama wa mtoto anayenyonya akitoka nje ya ndoa, au mama akishika mimba nyingine mtoto hajaacha ziwa, basi mtoto huyo hudhoofika. Nywele hupauka, uso hujaa, miguu huvimba, hataki kucheza. Wewe uliyetoka chuoni ukiziona dalili hizo unajua mara moja kwamba ni utapiamlo mkali, kwashakoo. Majirani wao wanaona uzinzi. Sasa mfikirie mama anayembeba mtoto wa namna hiyo, apite naye kisimani, apite dukani, apite mbele ya baraza la wazee mpaka afike kwako. Anatembea kama mshitakiwa aliyebeba ushahidi wake mwenyewe.

Ndiyo maana nasema kumtetea mtoto huyu kunaanza na kuilinda heshima ya mama yake. Mkienda kliniki ya mkoba, mizani ikatundikwa kwenye mwembe na kina mama wakajaa pale chini, usitaje kilo kwa sauti. Usishike mguu uliovimba ukamwita mwenzako aje kuuona. Kwa utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu, wapime watoto wote waliofika wenye umri wa kuanzia miezi sita, mmoja baada ya mwingine, asijulikane ni nani uliyemlenga. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali; kuanzia hapo mpaka 12.5 ni njano, yaani utapiamlo wa kadiri. Kisha bonyeza miguu yote miwili kwa dole gumba, hesabu sekunde tatu, uachie. Shimo likibaki pande zote mbili, mtoto yuko hatarini hata kama mizani inakuonyesha uzito mzuri, maana maji yaliyojaa mwilini nayo yanapimwa. Maneno mengine yote msemee mama pembeni, mkiwa wawili.

Waliofichwa inabidi uwafuate. Nenda na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji hicho, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani kahamia shambani na nani kabaki. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia kwenye madungu kulinda ndege na nguruwe, na mtoto dhaifu anaweza kukaa huko wiki nyingi bila jicho la nje kumwona. Ukifika, piga hodi, vua viatu, kaa mkekani. Mara nyingi mwenye kauli ya mwisho juu ya mtoto ni bibi mzaa baba, basi zungumza naye kwanza. Nakumbuka nyumba moja mazungumzo yalikwenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu kabemendwa, dawa ya hospitali haimwingii."

"Nimekusikia, bibi. Tangu aache ziwa anakula nini?"

"Uji. Mama yake ana mimba, maziwa yameharibika, tukamwachisha siku ileile."

Jibu lile limebeba ugonjwa mzima. Mtoto alikuwa na mwaka na kidogo, kaachishwa ziwa ghafla, kabaki na uji mweupe usio na karanga wala dagaa. Hapo wengi wetu tunataka kuanza somo: maziwa hayaharibiki kwa mimba, huo ni ushirikina. Mimi nashauri usiseme hivyo, na pia usiseme "ndiyo, amebemendwa", kwa sababu hatuendi kudanganya watu. Sema unachokijua. Mwili wa mtoto umeishiwa, kipo chakula dawa cha kumrudishia nguvu, na kila siku inayopita inampunguzia nafasi. Kisha tafuta mnapokubaliana, maana papo. Mwiko huu wa wazee unataka mtoto amalize ziwa kabla mdogo wake hajaja. Na sisi tunataka hilohilo tunaposhauri anyonye mpaka miaka miwili na mimba zipishane. Ukimwambia bibi hivyo, kwa dhati, anakuona mwenzake. Habari ya kuendelea kunyonyesha wakati wa ujauzito utairudia baadaye, akishaona mtoto anacheka.

Dawa ya mganga nayo usiikimbie. Uliza: ni ya kuoga au ya kunywa? Ya kuoga kwa maji ya uvuguvugu sigombani nayo, mradi mtoto akaushwe haraka na afunikwe, kwa sababu watoto hawa baridi inawaua. Ya kunywa naomba iwekwe kando, kwani ini na figo zake zimechoka. Hirizi usiivue. Na kama kijijini yupo kungwi anayeheshimika, mfanye rafiki mapema, kabla hujawa na shida naye. Neno lake moja ndani ya nyumba linafungua mlango ambao wewe utaugonga mwezi mzima.

Kazini kwetu sasa, huko upole wako uuweke pembeni. Mtoto aliyevimba na asiyetaka kula, au mwenye homa au kuharisha, ni wa kulazwa aanzishiwe F-75, maziwa maalumu ya kutibu utapiamlo mkali. Si wa kurudishwa nyumbani na ushauri nasaha. Ila kabla hujaandika rufaa muulize mama: nauli unayo? Wadogo utamwachia nani? Wodini utakula nini? Rufaa isiyojibu maswali hayo inaishia kwenye pindo la khanga. Mtafute mtendaji wa kijiji, mtafute afisa ustawi wa jamii, uliza kama kaya iko TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Akidaiwa fedha, simama wewe useme, kwa sababu mama hatathubutu. Na pale kijiji kinapofanya Siku ya Afya na Lishe, omba nafasi ya kuzungumza na wanaume.

Kuna mahali ambapo heshima kwa mila haiendi. Ukikuta alama za kipigo, kuchomwa moto, au dalili za kuingiliwa, hakuna kikao cha ukoo cha kuyamaliza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa, na nesi ni mwanajamii. Andika ulichokiona kwa maneno ya wazi, mjulishe ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya simu kwa mtoto ni bure, hata wewe unaweza kuipiga.

Mtoto akiruhusiwa kutoka wodini, mfuate nyumbani ndani ya wiki ya kwanza. Pima mkono, angalia miguu, hesabu pakiti za chakula dawa zilizobaki. Zikiisha haraka kuliko inavyotakiwa, usigombe, uliza nani mwingine anakula. Karibu kila mara utaonyeshwa mtoto wa pili, na huyo naye mpime hapohapo.