Shangazi, mume wangu analala na simu

Waalaykum salaam mwanangu. Barua yako niliisoma jana usiku na leo baada ya alfajiri nikaisoma tena. Niwaeleze kwanza wenzetu wanaosoma, maana wengi yanawahusu na wamenyamaza.

Mwenzetu huyu yuko Wete, Pemba, ana miaka 28, ameolewa mwaka wa tisa huu, watoto wawili, mume dereva wa gari ya abiria. Anasema mume hana tabu ya nje, hana mwanamke anaejulikana, magharibi inamkuta nyumbani. Lakini ikifika saa tano usiku anageukia ukutani, anajifunika shuka, na mwanga wa simu unaonekana kwa ndani ya shuka mpaka saa nane. Anaangalia video za ngono. Miezi inapita hamgusi mkewe, na siku akimgusa anamtaka afanye alioyaona mule, mengine yanamuuma, na akikataa anaambiwa "wenzako mbona wanafanya". Hela ya bando haikosekani, ya maziwa inakosekana. Juzi kamwambia anataka amrekodi. Mwenyewe anauliza kasoro yake ni nini, aende kwa somo, yaani kungwi wake, akafundwe upya, au afunge vitu vyake arudi kwao.

Na mwisho kabisa wa barua, kwa mstari mmoja tu, kaandika kwamba mtoto wao wa miaka 7 alichukua simu ya baba kucheza gemu, akaja jikoni kamuuliza, "mama, mbona yule mwanamke anapigwa?"

Mwanangu, ule mstari wa mwisho ndio ulonikosesha usingizi, nianze nao.

Umesema ulimnyang'anya simu ukamtia kofi ukamwambia asiseme tena maneno hayo. Nakuelewa, ulishtuka. Lakini tizama alivyouliza. Yeye kaona mtu analia na mtu anamuumiza, kaja kwa mamaake kushitaki, kapigwa yeye. Sasa akiona tena hatokuja. Leo hii akirudi skuli mkalishe, mpe chai yake, mwambie mama alikosea kukupiga, ulifanya vizuri kuniambia, zile ni video za watu wazima wabaya na hazifai kwa mtoto, na ukiona tena hapa nyumbani au kwa rafiki yako njoo unambie sitokupiga. Basi, usimpe darsa refu. Msikilize tu kama ana la kuuliza, na umuangalie siku hizi mbili tatu usingizi wake ukoje na anacheza vipi na wenzake. Na simu ya baba asiiguse tena, hata kwa dakika tano za katuni. Simu za wazazi nazo zinawaonesha watoto mambo haya, na sisi tunahangaika kulaumu watalii na fukwe za Nungwi.

Haya, sasa wewe. Unaniandikia kwamba umezaa umeharibika tumbo, hujui kujipamba, pengine ndio maana. Mimi nimefunda biarusi zaidi ya miaka ishirini, huku Unguja na huko kwenu Pemba, wengine nimefunda mama na baadae nikafunda mtoto wake. Nakwambia kwa ninavyojua, huna kasoro. Zile video nyingi ni kazi, watu wanalipwa, kuna mataa na kamera, wanasimama wanapumzika wanaanza tena, halafu inakatwa inaunganishwa, na mengi hayaoneshwi. Mule hamna mtoto mwenye homa, hamna mtu alieamka saa kumi kukanda unga, hamna anaesema subiri leo nimechoka. Na akimchoka huyo anagusa kioo anatokea mwengine, na mwengine, usiku mmoja anapitia wanawake ambao babu yake hakuwaona umri wake wote. Mke ni mmoja. Hata nije mimi mwenyewe nikutandikie asumini na vilua kitanda kizima, na udi nikufukize mpaka jirani akohoe, huwezi kushindana na kitu kama kile na wala hutakiwi ushindane. Kwa hio kwa somo usende kwa ajili hio. Somo hufunda watu wawili kusikilizana, na kwenye simu hakuna wa kumsikiliza, ndipo mwanamme anapozoea vibaya mpaka mke akisema basi naumia yeye anaona ni sauti tu.

Wake walonijia na kilio kama chako wamekuwa wengi tangu simu za kioo zishuke bei, na karibu wote wanaanza kama wewe, kwa kujitafuta kosa. Mmoja alikuwa akiacha kula ili apungue. Hio inaniuma sana.

Usidhani vilevile ni ujeuri tu wa mumeo. Wapo wanaotaka kuacha wakashindwa, wanafuta leo kesho wanatafuta tena na roho zinawasuta. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya maradhi ilioanza kutumika Januari 2022 limetia na hali ya mtu kushindwa kujizuia na mambo ya ngono mpaka maisha yake yanaharibika. Sio kila anaeangalia anaumwa, lakini mtu anaekesha mpaka saa nane halafu alfajiri ashike usukani na roho za watu nyuma, huyo anahitaji msaada. Hospitali ya Kidongo Chekundu huku Unguja kuna madaktari wa akili, na najua watu wakisikia jina lile wanafikiri wazimu, lakini daktari ni daktari. Wenzetu Marekani waliwafuatilia watu waliokuwa kwenye ndoa baina ya 2006 na 2014, wale walioanza kuangalia mambo haya katikati, uwezekano wao wa kuachana ulikuwa karibu mara mbili, kutoka asilimia 6 mpaka 11. Kwao ni kwao na hio haisemi kwamba mtaachana, ila usikubali akwambie ni kitu kidogo mambo ya wanaume.

Zungumza nae mchana. Usiku akiwa na ile simu mkononi hutopata kitu, atakuwa mkali kwa aibu. Tafuta siku hana zamu, watoto wapeleke kwa bibi yao, mwambie moja kwa moja, bila matusi, bila kumuita mchafu. Anza na mtoto, mwambie alichouliza jikoni kwa maneno yaleyale, halafu nyamaza umuache yamuingie. Baba mwenye imani hilo litamgusa kuliko machozi yako. Kisha umwambie unalotaka: simu ilale ukumbini, ilale huko kila siku, na muanze kulala pamoja hata kama ni kuzungumza tu, maana baada ya muda wote huu mnaoneana haya. Surat An-Nur aya ya 30 waliotangulia kuambiwa wainamishe macho ni wanaume, anaijua, mkumbushe kwa upole.

Kupekua simu yake akilala acha. Ulichokiona kimetosha, na kila ukikiona tena ni wewe unaejichoma.

Yanayokuuma kataa. Kinyume na maumbile usikubali hata akuapie, dini imekataza na mwili wako unakataza. Al-Baqara aya 187 imeita mume na mke vazi, kila mmoja kwa mwenzake, na vazi halimvui mtu mbele za watu.

Na kurekodiwa, mwanangu, hapana. Hata akisema ni yetu wawili tutaangalia tutafuta. Simu inavunjika kioo inapelekwa kwa fundi Chake Chake, inakaa siku tatu, fundi ana kijana wake, kijana ana marafiki. Au inauzwa. Au mnakosana. Kusambaza picha za ngono ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, lakini sheria inakuja wakati Wete nzima imeshakuona. Na kama amesharekodi bila wewe kujua, muulize, na afute mbele yako.

Kurudi kwenu bado. Mama mkwe pia bado, ukimtia sasa kila mtu atasimama na mwanawe na wewe utakuwa muongo. Mpe mumeo muda baada ya mazungumzo, mwezi mmoja, uone simu inalala wapi. Akikataa kabisa, mtafute mtu mmoja mwenye heshima anaemsikia, ammi yake au imamu wa msikiti anaosali, aambiwe kwa siri. Ila akikulazimisha kwa nguvu au kukupiga, hapo usihisabu mwezi, chukua watoto uende kwenu usiku huohuo, na kwa kadhi kupo.

Niandikie ukishazungumza nae. Nataka kujua mtoto alisema nini ulipomuomba radhi.